Tupeane uzoefu: staa gani wa sinema alikukamata mpaka leo hajakuachia?

Wadau wa kusini habari za usiku. Kuna kitu kimenikaa moyoni siku nyingi, ule mvuto wa mastaa kwenye picha, na siongelei uzuri wa sura wala mavazi, naongelea ile mtu anatokea kwenye kioo na banda zima linanyamaza kimya.

Naanza mimi. Nimekulia Newala, na msimu wa korosho ndio hela ya kiingilio ilikuwa inapatikana. Banda lilikuwa la mjomba wangu, maturubai na mabenchi, tivii moja na deki, jenereta inaunguruma nje. Siku moja spika ikaungua katikati ya picha la Jackie Chan. Mjomba akataka kurudisha hela za watu, watu wakagoma, acha iende hivyohivyo. Ndio nikaona kitu ambacho siku zote kelele zilikuwa zinanificha, jamaa akimtandika adui ngumi anakunja uso, anakung'uta mkono, anaupuliza, halafu ndio anarudisha sura ya ukali. Masteringi wengine hawaumii kabisa. Huyu anaumia, anaogopa, na bado haondoki, basi unampenda kama ndugu yako. Na vile vipande vya makosa wanavyoonyesha picha likiisha, anapokosea akaanguka kweli, hakuna aliyenyanyuka mpaka yaishe. Mwaka 1986 alidondoka kutoka kwenye mti kule Yugoslavia wakati wanashuti, fuvu likapasuka, na alipopona akarudi kumalizia kazi. Nilipokuja kulijua hilo nilimheshimu zaidi.

Karibuni, na nyie semeni.

Binti wa Mtanda, Lindi:
Kaka umenikumbusha bibi yangu mzaa mama. Yeye ni Raj Kapoor tu, alimuona usichanani sinema ya mjini Lindi, Kihindi hajui hata neno ila alikuwa anatoka pale leso imelowa. Mpaka uzeeni alikuwa anatuigizia ule mwendo wa mtu asiye na kwao, suruali imepanda juu ya vifundo, macho yanacheka mdomo unalia. Juzijuzi nikamuonyesha Charlie Chaplin kwenye simu, akasema huyu kamuiga Raj. Nikamwambia hapana bibi, Raj ndiye aliyechukua kwa Chaplin. Akaangalia tena mpaka mwisho, akanirudishia simu, "Haya, mwendo ni wa huyu. Lakini macho ni ya Raj." Nikanyamaza maana naona kasema kweli.

Mwana Masasi:
Kwetu ni Kanumba, hakuna mwingine. Ile tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mama anapiga pasi nguo za kanisani redio ikatangaza kwamba amefariki. Miaka 28 tu jamani. Mama alisimama vile mkono hewani, pasi kaiacha juu ya gauni mpaka likaungua alama ya pasi nzimanzima. Hakulitupa lile gauni. Alikuwa anatuambia angalieni huyu mtoto akilia, kidevu kinatangulia kutetemeka, chozi linafuata baadaye, ndivyo mtu aliyeumia anavyolia.

Mvuvi wa Kilwa Masoko:
Mzee Majuto. Tukirudi baharini hatujapata kitu tunamuweka kwenye simu, akikaa tu kimya akikuangalia ushacheka. Mungu amrehemu, Agosti 2018 ile iliniuma sana.

Mtu wa Mikindani:
Mkuu hiyo stori ya spika kuungua imenigusa kuliko unavyodhani. Mdogo wangu hasikii tangu kuzaliwa. Banda la kwetu walikuwa wanamuachia benchi la mbele, na akirudi nyumbani tunakaa uani taa ya chemli katikati, anatuchezea picha zima kwa mikono na uso, nani kamsaliti nani, nani kafa, nani kamuacha mke wake, na mama asiyewahi kuingia banda hata siku moja alikuwa anawajua mastaa wote kupitia kwake. Hakuwa na haja ya mtafsiri. Sasa hivi ni seremala, ana watoto wawili, na akijigonga nyundo kidoleni anakunja uso, anakung'uta mkono, anaupuliza, halafu anarudisha sura ya ukali na kuendelea na kazi.