Hatua ya 7 daraja la chini au hatua ya 1 daraja la juu? Naombeni ulinganisho

Njiapanda: Wakuu, nina barua mbili za ajira na natakiwa kujibu Ijumaa. Kazi A mshahara wa kuanzia ni mkubwa. Kazi B inaanza chini kidogo, ila daraja ni la juu na nyongeza ya mwaka ni nono. Nichukue ipi?

Mpanga Safu: Mkuu, hujatupa cha kushika. Kila daraja la mshahara lina hatua zake, na nyongeza ya mwaka inakupandisha hatua moja. A wanakuweka hatua ya ngapi kati ya ngapi? Nyongeza ni kiasi kilekile kila mwaka au ni asilimia?

Njiapanda: Samahani. Tuseme A naanza na 100, hatua ya 7 kati ya 8, nyongeza 3. B naanza na 92, hatua ya 1 kati ya 10, nyongeza 4. Zote ni kiasi kilekile.

Mpanga Safu: Basi A imebakiza nyongeza moja tu. Mwaka wa pili unapata 103, umegonga ukomo, unakaa hapo mpaka upandishwe daraja au ngazi yenyewe, yaani jedwali zima la mishahara, irekebishwe. B mwaka wa nne uko 104, umeshaipita. Lakini usisahau miaka mitatu ya mwanzo: pungufu 8, pungufu 7, pungufu 3. Hizo 18 huzimalizi kuzirudisha mpaka mwaka wa saba.

Mama Wawili: Mimi B bila kujiuliza. Nimekaa kwenye ukomo wa daraja miaka mitano. Wenzangu wanafungua hati za mshahara wanahesabu kilichoongezeka, yangu ni ileile hadi tarakimu ya mwisho. Inakatisha tamaa jamani.

Kengele: Kabla ya A na B, ulizia tarehe ya nyongeza. Mimi barua yangu ilisema niripoti tarehe 1 Julai. Ikaangukia Jumapili, ofisi imefungwa. Nikafika Jumatatu asubuhi na mapema, karani akaandika kwenye fomu kile alichokiona kwenye kalenda: tarehe 2. Sikulitilia maanani. Pale nyongeza hutolewa tarehe 1 Julai kwa aliyetimiza miezi 12. Mwaka uliofuata nikaambiwa sijatimiza, imepungua siku moja. Nikaenda na barua yangu, nikamwonyesha mstari wenyewe kwa kidole. Akanijibu mfumo unasoma tarehe ya kuripoti, hausomi barua. Nikasubiri Julai nyingine, karibu miaka miwili na mshahara uleule. Na haikuishia hapo. Mwenzangu tuliyesoma darasa moja aliripoti Ijumaa ya kabla yake, na mpaka leo ananitangulia hatua moja. Pengo hilo litafungwa siku yeye atakapogota ukomo na mimi nimfikie.

Mama Wawili: Pole sana ndugu yangu. Hukukata rufaa?

Kengele: Nilikata. Nilikosa ushahidi kwamba nilifika mapema nilivyoweza. Ningemwomba tu siku ile ile aandike tarehe ya barua.

Shina: Mnaongea kana kwamba nyongeza inakuja yenyewe. Sehemu nyingine haitolewi bila tathmini ya utendaji. Bosi asipojaza fomu kwa wakati, umekosa.

Mpanga Safu: Kwangu nyongeza ya hatua ni malipo ya uzoefu, na anayefanya vizuri zaidi apewe zawadi yake pembeni. Ukiifunga kwenye tathmini, umeikabidhi mikononi mwa mtu mmoja.

Shina: Na mvivu apande sawa na mchapakazi? Hapana, mkuu.

Mama Wawili: Kuna lingine. Hiyo 4 kwenye 92 ni zaidi kidogo ya asilimia 4, lakini ukifika 124 ni kama 3. Bei za vitu zikipanda kwa kasi kuliko hapo, hatua umepanda ila uwezo wa kununua umeshuka. Ulizia kama wanarekebisha ngazi nzima mara kwa mara. Nyongeza ya hatua inakusogeza wewe, marekebisho yanaisogeza ngazi.

Njiapanda: Nimesoma tena barua ya B. Ni mkataba wa miaka 3, unaweza kuongezwa.

Mpanga Safu: Mkuu! Hilo ndilo ungeanza nalo. Mkataba usipoongezwa, unaondoka ukiwa nyuma kwa zile 18, na nyongeza nono zote unamwachia mwingine. Waandikie waulize: mkataba ukiongezwa, unaendelea na hatua ya 4 au unarudishwa ya 1?

Shina: Na kama una uzoefu wa kazi hiyo, omba hatua ya 3 kabla hujasaini. Hapo unaanza na 100, hesabu yote inageuka.

Njiapanda: Nina miaka minne ya uzoefu. Sikujua inaombwa.

Kengele: Inaombwa. Na posho je? Nilipo mimi kiinua mgongo kinakokotolewa kwenye mshahara wa msingi peke yake, posho hazimo.

Njiapanda: A wana posho ya nyumba. B sijaona. Nawaandikia kesho asubuhi.

Mama Wawili: Ukiandika, waulize na tarehe ya nyongeza. Na hiyo Ijumaa waombe wakusogezee.