Dropshedo kwenye albamu ya dijitali: mbona vitu vyangu vyaelea?

Mwana_Mkomani
Asalaam alaykum jamani. Niko Lamu, natengeneza albamu ya harusi ya dadangu kwa kompyuta, kurasa za inchi 12 kwa 12, pikseli 300 kwa inchi, natumia Photopea kwa sababu yafunguka kwenye brauza bila kulipa. Nimeskani leso ya bibi nikaifanya ndio karatasi ya chini, juu yake picha za biarusi, utepe, vifungo viwili vitatu, na kikuba, kile kishada cha asumini na rihani, nilichokipiga picha nikakikata mandhari yake. Kila kitu nimekitia dropshedo, kile kivuli cha kompyuta kinachotupwa chini ya kitu, lakini wapi, vyote vyaelea kimo kimoja, na kikuba ndio kabisa, chaonekana kama stika. Mie nataka mtu akifungua ukurasa atamani kuugusa. Nambieni nabadilisha nini, opasiti (uzito wa kivuli) ama blari (ule ukungu wa ukingo) ama ni kitu chengine kabisa?

kijana_shela
Dada punguza opasiti, tia kama asilimia 40 hivi, na angalia pembe ya mwanga iwe moja kwa leya zote, yaani matabaka yote ya ukurasa, pale kwenye mitindo ya leya kuna kisanduku cha mwanga wa pamoja, kitie tiki. Yatosha hiyo.

FundiPicha_Malindi
Waalaykum salaam dadangu. Pembe moja, hapo kijana wa Shela kasema kweli, lakini opasiti peke yake haitakusaidia kwa sababu shida yako ni kwamba vitu vyote umevipa kivuli kimoja. Kivuli ndicho kinachomwambia mtu kitu kimenyanyuka kiasi gani kutoka kwa karatasi, sasa picha na kifungo na kikuba zikiwa na kivuli sawasawa jicho lakataa hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Piga hesabu, kwa pikseli 300 kwa inchi milimita moja ni kama pikseli 12. Karatasi ya picha haifiki hata nusu milimita, kwa hivyo picha iliyolala kivuli chake kisogee pikseli 3 au 4 tu, blari kidogo, kibane ukingoni. Kifungo chenye unene wa milimita mbili chaweza kwenda hadi 20 na kitu. Na kadiri kitu kinavyonyanyuka ndivyo kivuli kinavyosogea mbali, ukingo wake walainika, na weusi wake wafifia, hayo matatu yaenda pamoja, ukiongeza umbali ukaacha blari vilevile ndio vitu vinaanza kuelea.

Halafu achana na rangi nyeusi tupu. Chukua kile kidude cha kudonoa rangi, donoa sehemu yenye kiza kwenye leso yenyewe, ifanye nzito zaidi, uweke hali ya maltiplai, ile inayotia kiza rangi ya chini bila kuifunika. Leso nyekundu kivuli chake chakuwa damu ya mzee, sio kijivu, ukitia kijivu hapo leso yote yaonekana ina vumbi.

Na ukiwa unatumia utepe au maua ya kudownload angalia kama tayari yana kivuli ndani ya faili, mengine yaja nacho, na ukiyazungusha kile kivuli chazunguka nayo, unapata jua mbili ukurasa mmoja.

Mwana_Mkomani
Mashallah hapo kwa milimita nimeshika, nimejaribu kwa picha saa hii na zimelala vizuri kwenye leso. Kikuba bado lakini.

Mama_Rihani
Mwanangu kikuba usikifanyie dropshedo ya kubonyeza, hapo mie nawapinga hao vijana wote wawili. Dropshedo yachukua umbo la kitu na kulisogeza zima zima upande mmoja, na kikuba hakikai hivyo, pale palipofungwa uzi pamegusa kitambaa, majani ya rihani yamejiinua nchani, asumini moja imelala nyengine imesimama. Kila mahali pana kimo chake. Fanya hivi: nakili leya ya kikuba, ile nakala ijaze rangi nzito yote, iteremshe chini ya kikuba, kisha itie blari. Fanya nakala mbili za namna hiyo. Ya kwanza blari ndogo, isogee kidogo mno au isisogee kabisa, hiyo ni kiza cha pale kitu kinapogusa, na hiki ndicho watu wengi wanachokisahau na ndicho kinachoshusha kitu chini. Ya pili blari kubwa, opasiti ndogo, isogeze upande wa pili wa mwanga, halafu uivute kwa ile amri ya kupinda umbo, pale kwenye ncha za majani uivute nje, pale kwenye uzi uirudishe ndani. Ukimaliza chukua raba laini upunguze palipozidi.

Jambo la pili, tazama kikuba chenyewe ulikipiga picha mwanga watoka wapi. Ikiwa maua yang'aa upande wa kulia na kivuli umekitupa huko huko kulia, hakuna amri itakayokuokoa, kigeuze kikuba kushoto-kulia au ubadilishe pembe ya ukurasa mzima. Kama unacho kikuba kibichi nyumbani kiweke juu ya leso karibu na dirisha, zima taa, piga picha na simu, iache wazi pembeni ukifanya kazi. Taa zikiwa mbili utaona vivuli viwili, ndio maana nakwambia dirisha moja.

Na wewe uko mtaa wa Mkomani hapo Lamu, ingia nyumba yoyote ya zamani yenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, uziangalie asubuhi. Ukuta wote ni chokaa, weupe mmoja, nakshi yote ile waiona kwa sababu ya kiza kilichoko ndani ya kila kidaka na ukingo unaoshika mwanga, rangi hakuna. Sijaona darsa la kuonyesha kina linaloshinda lile. Hata kwenye albamu waweza kuitumia, kata dirisha kwenye leso, picha ya biarusi iweke chini yake, na badala ya dropshedo tia kivuli cha ndani, kiangukie picha kutoka ukingo ulio upande wa mwanga. Hapo ukurasa waingia ndani, kwani kina si kunyanyua tu.

FundiPicha_Malindi
Mama Rihani umenishinda hapo kwa kile kivuli cha mguso, nakubali. Naongeza dogo tu, kikuba kikikaa nusu juu ya picha nusu juu ya leso, kivuli kisipite moja kwa moja, pale ukingo wa picha unapoishia kisukume pikseli chache mbele kwa sababu leso iko chini zaidi.

Mwana_Mkomani
Wallahi mumenifungua macho, nimefanya ile ya nakala mbili na kikuba kimekaa, kimekaa kabisa! Dadangu kapita nyuma yangu kauliza hiki cha lini. Sasa swali la mwisho, nikipeleka kuchapisha vivuli vitatoka hivi hivi?

FundiPicha_Malindi
Mara nyingi vyatoka vizito zaidi, skrini yatoa mwanga wake na karatasi haitoi. Punguza mwangaza wa skrini kwanza uangalie tena. Halafu usipeleke albamu nzima, kata kipande chenye kikuba na ukingo wa picha moja, kichapishe kwa saizi yake ileile na karatasi ileile, ukitazame mchana nje ya duka. Vikiwa vizito shusha opasiti ya vile vivuli vipana tu, vile vya mguso viache.