Nimetangazwa marehemu kwa kipaza sauti, tena nikanyimwa chai. Nakuru tumekwisha!

Kijana_wa_Lanet (mwenye uzi)

Jameni niacheni niseme kabla sijapasuka. Nimetoka kazini sasa hivi, niko ndani ya matatu, bado nimevaa reflekta ya kijani, na abiria wananiuliza kama mimi ndiye konda.

Mnamjua. Jina sitaji, kampuni sitaji, lakini kama umewahi kufanya kibarua Industrial Area hapa Nakuru hata kwa nusu siku, unamjua. Yule wa funguo kiunoni. Akitembea unamsikia kutoka geti la kwanza, kiuno kinalia kama kengele za kanisa. Yule anayefunga friji ya maziwa. Yule anayefunga choo cha wageni mgeni akiwa ndani.

Basi leo lilikuwa zoezi la moto. Barua ilibandikwa kila mahali mpaka juu ya sinki. Mimi nikapewa ghorofa ya pili: king'ora kikilia natoa watu wote, naangalia vyoo, naangalia stoo, naangalia chumba cha kunyonyeshea, halafu natoka kwa mlango wa dharura wa nyuma, MWISHO. Ndivyo alivyoandika yeye mwenyewe na sahihi yake yenye mkia mrefu. Natoka mwisho.

King'ora kikalia. Nikatoa watu. Mhasibu alikataa kuacha chapati zake, nikambeba yeye na chapati. Nikapiga vyoo, nikapiga stoo, mbio mpaka mlango wa dharura. Kufuli! Kufuli ya shaba, mpya, bado ina stika ya bei. Nikasukuma, nikapiga teke, nikamwita mama. Nikarudi ghorofa nzima, nikashuka kwa ngazi za mbele, na huko chini nakuta foleni. Foleni ya nini? Bwana mkubwa ameagiza hakuna kutoka bila kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Yaani jengo linaungua kwa mujibu wa barua yake, na sisi tumejipanga tunafuta vidole kwenye suruali kwa sababu mashine haitaki jasho.

Nafika uwanjani rejista imefungwa. Ananitazama. Anainua kipaza sauti, kile cha kukodisha cha mikutano ya kampeni, na mbele ya madereva, vibarua, na yule dada wa mapokezi ambaye... hayo tuyaache, anasema: "Huyu alikufa. Andika marehemu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikadhani utani. Nikaenda kwenye meza ya chai. Nanyoosha mkono, sijagusa kitu, kipaza sauti hicho tena:

"MAREHEMU HALI MANDAZI!"

Na ufunguo wa ile kufuli uko wapi? Kiunoni mwake! Nauona! Unaning'inia hapo hapo wakati anataja kifo changu!

Msidhani ni hilo tu. Mpango wetu wa dharura ameunakili kutoka kwa hoteli fulani ya Pwani bila kusoma. Ukurasa wa tatu unasema bahari ikipanda, wageni waondolewe ufuoni. Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari! Ziwa letu wenyewe, lililopanda mpaka likameza geti kuu la hifadhi, halimo. Moto una aya moja, nayo inasema "tulieni". Mahali pa kukusanyikia ni chini ya transfoma, ubavuni mwa mitungi ya gesi ya kantini. Mitungi ya kuzimia moto imefungwa kwa mnyororo isiibiwe, isipokuwa mmoja, ambao kazi yake ni kuzuia mlango wa ofisi yake usijifunge.

Hayo yote ningemeza. Mandazi siwezi. Mbele ya vibarua jameni!

Boda_Section58

Pole sana kwa familia. Mazishi lini, na nambari ya mchango ni ipi?

NyarKano

Nimesoma mpaka mwisho na swali langu ni moja. Chapati zilipona?

Kijana_wa_Lanet

Zilipona. Na mhasibu akapewa mandazi juu yake. Mawili.

NyarKano

Afadhali.

Mzee_wa_Faya

Vijana mnacheka, mimi sicheki. Nilishika mpira wa maji mpaka nikastaafu. Huyo mtu wenu wa funguo anavunja sheria peupe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema watu wakiwa ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawawezi kuufungua mara moja kutoka ndani. Mara moja, si mpaka atafutwe mwenye ufunguo. Inataka pia utaratibu wa kuwatoa watu ujaribiwe kila baada ya muda, na kanuni za moto za mwaka huo huo zinadai zoezi angalau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kufanya zoezi alifanya vizuri. Ila zoezi likionyesha mlango haufunguki, hapo ndipo unashukuru, unakata kufuli siku hiyo hiyo. Humkati mtu chai.

Nyinyi wengine mlikuwa wadogo Januari 2009. Tarehe 28 duka kubwa la Nakumatt Downtown liliwaka kule Nairobi. Hata hatujapumua, tarehe 31 lori la petroli likalipuka Sachangwan, hapa hapa kwetu, wakafa watu zaidi ya 100 waliokwenda kuchota mafuta. Na shule ya Kyanguli, 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Muulize aliyekuwapo juu ya milango iliyofungwa.

Halafu hiyo mitungi. Mshale wa kipimo cha presha ukitoka kwenye kijani, mtungi huo ni mapambo. Ile ya unga, ikikaa bila kutazamwa, unga unagandamana chini, siku ya moto unatoa upepo mtupu. Stima ikiwaka usimwage maji, tafuta mtungi wenye alama nyeusi, wa gesi ya kaboni dioksidi. Vuta pini, lenga chini kwenye kinachoungua na si kwenye miali, bana, halafu fagia huku na huku. Na ukiona moto umekuzidi kimo, tupa mtungi ukimbie.

Boda_Section58

Shikamoo mzee. Tumeelewa yote. Sasa kisheria, marehemu anakula mandazi ama hali?

Mzee_wa_Faya

Marahaba. Hapo sheria imenyamaza.

Kijana_wa_Lanet

Mzee asante, lakini naona watu hawajashika uzito wa jambo. Kile kipaza sauti kina mwangwi. MWANGWI. "Hali mandazi, ndazi, ndazi." Mpaka wa kiwanda cha jirani walitoka kuangalia ni nani hali. Soja wa geti amenisalimia nikitoka: "Safiri salama, marehemu." Soja! Ambaye mwezi uliopita nilimkopesha nauli!

Dada_wa_Ghorofa_ya_Pili

Mimi niko hiyo kazi na sitanyamaza. Mhasibu hukumbeba, yeye ndiye alikuvuta ukiwa unatafuta kofia. Teke ulipiga moja, ukashika kidole cha mguu ukalia. Na chooni kwa akina mama hukuangalia, nilikuwa ndani, nikatoka peke yangu baada ya chai kuisha. Kama kuna marehemu wa haki leo ni mimi, na hakuna aliyenifungulia uzi.

Boda_Section58

Wueeeh! Marehemu wawili. Chama cha mazishi kianze.

Kijana_wa_Lanet

Niligonga!! Niligonga ukasema "kuna mtu"!

Dada_wa_Ghorofa_ya_Pili

Sasa si ndiyo unajua kuna mtu?

Omera_Nyalenda

Watu wa Nakuru mnalia kwa sababu ya unga uliokaangwa. Njooni Kisumu mwone mambo. Mkubwa wetu wa zamani, mnamjua, wa miwani ya jua ndani ya ofisi, alituundia kamati ya mafuriko. Vikao kila mwezi, soda, posho. Wakaandika mpango mzuri kweli kweli, wenye ramani na rangi. Nakala zote, pamoja na diski za hesabu za kampuni, zikawekwa stoo ya chini kabisa, hatua chache kutoka ziwani, eti huko kuna baridi. 2020 Ziwa Viktoria likapanda kuliko tulivyowahi kuliona. Maji yakaingia stoo. Mpango wa mafuriko ukaondoka na mafuriko! Tulikaa wiki nzima tukianika risiti kwenye waya wa nguo. Na posho walishakula.

NyarKano

Omera uongo, hiyo ilikuwa kampuni yetu. Risiti hazikuanikwa, zilipigwa pasi. Mimi ndiye nilipiga.

Mzee_wa_Faya

Ndiyo maana tunasema nakala ikae jengo lingine kabisa, na orodha ya simu ichapishwe kwenye karatasi, kwa sababu siku hiyo simu zenyewe zitakuwa zimezima. Nambari za dharura 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Ziandikwe ukutani.

Shemeji_wa_Malava

Kisumu ni maji tu. Kakamega sisi tuna radi, inapiga kila alasiri ya mvua bila kukosa. Ofisi yetu ina bango kubwa: NGURUMO IKIANZA ZIMENI SWICHI KUU. Swichi kuu iko ndani ya chumba. Chumba kina ufunguo. Ufunguo anao keteka, yule mtunza jengo. Na keteka akiona wingu jeusi tu, anapanda pikipiki anaenda kwao. Tumepoteza kompyuta mpaka tumerudi kuandika kwa kalamu. Nikimpigia ananiambia, "Shemeji, wewe unataka nipigwe na radi?"

Dada_wa_Ghorofa_ya_Pili

Keteka ana akili kuliko nyinyi wote.

Biashara_Poa_Naks

Habari wakuu. Tunauza na kujaza mitungi ya kuzimia moto bei nafuu, tunaleta hadi mlangoni. Pia tuna vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wiki tatu, wamechanjwa. Njoo inboksi.

Boda_Section58

Vifaranga bei gani?

Kijana_wa_Lanet

Huu uzi ni wa mandazi yangu, tafadhali.

Omera_Nyalenda

Bei aandike hapa hapa hadharani. Watu wa inboksi tunawajua. Mimi nilinunua vifaranga kwa mtu wa Nakuru, mnamjua, wa gari la bluu, akaapa wote ni mitetea. Wamekua. Wote majogoo! Hakuna hata yai moja, na jirani ameninunia kwa sababu wanaanza kuwika saa nane usiku.

Shemeji_wa_Malava

Wewe shukuru wamekua. Wangu waliisha kwa kideri ndani ya wiki, na huyo muuzaji akaniambia niliwatazama vibaya.

Mzee_wa_Faya

Kideri ni chanjo, hakuna jingine. Na usichanganye wapya na wale wa nyumbani kabla hawajakaa kando kwanza. Mimi nina mia mbili hapa Njoro.

NyarKano

Mzee una mayai? Trei ni ngapi?

Biashara_Poa_Naks

Mkuu wa Kisumu, gari letu ni jeupe, si bluu. Usituharibie jina.

Omera_Nyalenda

Mlipaka rangi.

Shemeji_wa_Malava

Jeupe jeupe, sisi huku Malava mnaleta kwa matatu ya asubuhi ama ya jioni? Jioni wanafika wamekufa nusu.