Michael Manley wa Jamaika: aliporudi madarakani 1989, aliwasaliti waliomchagua 1972?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Nakutana mara kwa mara na kauli kwamba Manley, aliyekuwa waziri mkuu wa Jamaika, alikuwa mjamaa wa kweli miaka ya sabini, kisha akaingia tena ikulu 1989 akiwa kibaraka wa mabenki. Naikataa.

Mwaka 1972, mtu huyu wa vyama vya wafanyakazi alipanda majukwaani na fimbo aliyopewa na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Watu walisukumana waione, na wakampa jina la Yoshua. Chama chake, PNP, kikashinda. Mwaka 1974 akaweka kodi mpya kwa kampuni za boksiti, madini ya kutengenezea alumini, kodi iliyofuata bei ya alumini duniani, na mapato ya serikali kutokana na madini hayo yakapanda mara kadhaa. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alizuru Jamaika, na PNP ikatangaza ujamaa wa kidemokrasia.

Jambo linalonigusa zaidi ni sheria ya 1976 ya hadhi ya watoto. Wengi wa watoto wa kisiwa kile walizaliwa nje ya ndoa, hali yenye mizizi katika utumwa. Hebu mfikirie kijana aliyelima na baba yake shamba lilelile la migomba tangu utotoni. Baba anafariki bila wosia, na shamba linakwenda kwa ndugu wa mbali kwa sababu wazazi hawakufunga ndoa. Sheria ile ikawapa watoto wote haki sawa. Waliomtoa Manley madarakani 1980 hawakuifuta.

*Mchangiaji wa kwanza:*

Mleta mada, heshima yako, ila umeiruka damu. Mwaka wa uchaguzi, 1980, waliuawa mamia ya watu. Bob Marley alikuwa amewashikanisha mikono Manley na mpinzani wake Edward Seaga, kiongozi wa chama cha JLP, jukwaani Aprili 1978, na haikusaidia kitu. Maduka yalikuwa matupu, madaktari na wahandisi wamekimbilia Miami na Toronto. PNP ikaambulia viti 9 kati ya 60. Na kama dawa ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani mikopo yenye masharti, ilikuwa sumu 1980, ilipata wapi utamu 1989?

*Mleta mada:*

Mkuu, kwenye damu sina la kutetea. Vyama vyote viwili vilijenga ngome katika mitaa ya mji mkuu, Kingston, Tivoli Gardens ya JLP na Arnett Gardens ya PNP, nyumba za serikali zikigawiwa kwa wafuasi na vijana wakishika bunduki. Manley alikuwa kiongozi wa nchi, na lawama hiyo inamfuata.

Kuhusu IMF, tukumbuke ilivyokuwa kwetu. Manley alivunja mazungumzo nao Machi 1980, wakati Mwalimu naye akihoji tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Katikati ya mwaka huo Arusha ikawa mwenyeji wa mkutano wa kudai mfumo mwingine wa fedha duniani, na Jamaika na Tanzania zilikuwa mifano hai mezani. Kisha Mwalimu akang'atuka 1985, na makubaliano na IMF yakafikiwa 1986 chini ya Mzee Mwinyi. Manley alirudi mwenyewe, akakuta deni limevimba na baadhi ya kampuni kubwa za boksiti zimefunga virago, akaweka sahihi makubaliano na IMF kwa mkono wake. Kabla ya kura za 1989 aliwaambia wananchi wazi kwamba amebadilika. Msaliti anaficha, na huyu hakuficha.

Kosa lake naliona 1991, alipoondoa kwa pupa udhibiti wa fedha za kigeni. Dola ya Jamaika ikaporomoka, bei za vyakula zikapaa, na wa kwanza kuumia walikuwa walewale waliotaka kuigusa fimbo. Machi 1992 akajiuzulu kwa ugonjwa, akamwachia P. J. Patterson mzigo ule.

Kwa hiyo, mkuu, tuhamie hapo. Wewe ungekuwa waziri wake wa fedha 1991, hazina ikiwa karibu tupu na dola zikiuzwa uchochoroni, ungeachia soko hatua kwa hatua, au ungeendelea kulibana?