Kikundi: SAFARI YA MAMA BOMBAY

*Jumapili*

Rukia: Assalaam aleikum wote. Nimefungua kikundi hiki ili maneno ya safari ya Mama yasipotelee kule kwenye cha ukoo, katikati ya picha za maua na biriani. Humu ni kazi tu. Hakuna video, hakuna "soma kisha uwatumie watu kumi".

Rukia: Daktari wa kule amejibu. Magoti yote mawili yabadilishwe, moja kwanza, la pili likingoja. Hospitali yatuma barua, na barua hiyo ndiyo ya kuombea viza ya matibabu. Yaombwa mtandaoni, ni ya siku 60 tangu kuingia.

Rukia: Sasa sikilizeni. Viza moja ya mgonjwa yabeba wasindikizaji WAWILI. Si watatu, si "nami n'takuja nimsaidie Mama kupika". Wa kwanza ni mimi. Nataka jina la pili kabla ya Jumatano.

Beka: Nami n'takuja nimsaidie Bibi kupika

Rukia: Beka.

Beka: Mama mkubwa, viza ya matembezi si ipo? Mimi natembea tu zangu, nikikutana nanyi njiani ni bahati

Rukia: Viza ipo. Nauli unayo?

Beka: 🚶🏾‍♂️

Mishi: Mashallah Bombay!! 😍 Da Rukia, vitu vyangu nikuandikie hapa ama kando? Ni kitambaa tu cha harusi ya Salma, soko la Mangaldas, pale karibu na Crawford

Rukia: Mishi, twaenda hospitali.

Mishi: Najua habibti. Nasema mkipita.

Ami Twalib: Waaleikum salaam. Mimi Bombay nilikwenda na meli ya Karanja, abiria wa sitaha. Godoro lako, sufuria yako. Ukipatwa na kichefuchefu ni wewe na bahari. Mwatia nanga Shelisheli kwanza. Siku hizi nasikia ni saa sita hivi kutoka Nairobi, mtu hajamaliza hata tasbihi.

Beka: Babu, simu yanambia kule wako mbele yetu saa mbili na nusu. Hiyo nusu ni ya nini?

Ami Twalib: Hiyo ndiyo mnayochelewa nyinyi kuja kula kwangu Idi.

Nasra: 😂😂😂

Rukia: Jina la pili jamani.

*Jumatatu*

Rukia: Tuko 17 humu. Waliosoma 16. Walojibu ni Beka na kitambaa cha Mishi.

Fatma: Dada niko kazini. N'tasoma jioni.

Rukia: Jambo lingine wakati mwangoja jioni. Kutoka Kenya huingii India bila kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano idungwe siku 10 kabla ya kuingia, si siku 10 baada ya kukumbuka. Usipokuwa nayo wakuweka karantini hadi siku 6. Aliyekwisha kudungwa zamani kadi yake yamtosha maisha, atafute tu aliiweka wapi.

Fatma: Na Mama? Ile chanjo si wanasema aliyepita miaka 60 aangaliwe kwanza na daktari?

Rukia: Nshamuuliza daktari wake wa sukari. Asema ataamua Alhamisi. Akiona haimfai atupe barua, na hiyo barua tujue mapema kama itakubaliwa, tusije tukabishana na mtu wa uwanja wa ndege Mama amesimama.

Fatma: Hatosimama, n'taomba kiti cha magurudumu tangu Nairobi. Na mimi siungi mkono treni. Miritini mpaka Syokimau na magoti yale? Apande ndege tangu Mombasa.

Beka: Treni ina vyoo vizuri lakini

Rukia: Asante kwa mchango.

Fatma: Mwezi gani ulisema?

Rukia: Julai. Nauli imeshuka.

Ami Twalib: Imeshuka kwa sababu hakuna mwenye akili aendaye Bombay Julai. Mvua yao huanza Juni na Julai ndiyo kiini chake. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja, watu walilala ndani ya mabasi. Manahodha wetu walijua: kusi likikaza, jahazi lavutwa pwani, bahari imefungwa.

Rukia: Ami, Mama hapandi jahazi.

Ami Twalib: Kutoka uwanjani mpaka hospitali huenda akalipanda.

Beka: 😂😂 Babu kashinda

Mishi: Lakini mkienda mpelekeni Mama kwenye kaburi la walii Haji Ali jamani. Mwaka ule mamangu alifika mlangoni tu, wanawake walikuwa hawaingii ndani. Sasa waingia.

Ami Twalib: Tangu 2016, mahakama iliamua. Ila muangalie maji. Njia ya kwendea dargah yapita baharini, maji yakijaa yafunikwa. Ukichelewa kutoka wangoja kupwa pamoja na wauza maua.

Omari: Samahani wazee wangu, lakini kuzuru makaburi ya watu wema kwa kuomba haja ni jambo ambalo wanazuoni

Beka: Omari andika yote kwa pamoja, usitukatie stimu

Omari: wamelitahadharisha.

Mishi: Nani aliyesema haja? Nimesema matembezi.

Rukia: JINA. LA. PILI.

Nasra: Mama, kwani Mjomba Swaleh hayumo humu?

Nasra: Yeye si yuko Maskati? Maskati na Bombay ni karibu, anaweza kuwakuta kulekule. Na mji aujua.

*Fatma amemwongeza Swaleh*

Rukia: Fatma.

Fatma: Ni mtoto wa Mama kama mimi na wewe.

Swaleh: Assalaam aleikum.

Ami Twalib: Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu. Karibu.

Swaleh: Nimesoma. Hospitali yenyewe nimeiona kwenye barua aliyonitumia Nasra. Iko kusini ya mji. Tuktuk haziruhusiwi kufika huko, huishia Bandra na Sion, kwa hivyo mwapanga taksi. Nyumba ya kukaa muulize lifti kabla ya kuuliza bei. Majengo ya Mohammed Ali Road ni mazuri kwa chakula, msikiti uko mlangoni, lakini mengi ni ngazi za mbao, na Mama hatopanda. Laini ya simu wataka pasi na picha, mubebe picha za karatasi. Dola ziwe safi, zisizokunjwa.

Fatma: Asante sana kaka. Hayo ndiyo tuloyataka tangu jana.

Rukia: Tunashukuru kwa maelezo. Ulipokuwa kule mara ile hukutueleza mengi hivi.

Swaleh: Nilijua.

Rukia: Nasema ukweli tu. Mimi sikuuona uso wa baba yangu. Nilipigiwa simu nimesimama sokoni Marikiti, naambiwa "ameshazikwa".

Swaleh: Alifariki usiku wa Ijumaa. Ulitaka nimtie kwenye friji wiki nzima tukingoja karatasi?

Rukia: Nilitaka unipigie kabla.

Swaleh: Nilipiga. Muulize shemeji nani alishika simu.

Rukia: Usimtie mume wangu humu.

Mishi: Rangi ni buluu ya tausi, SI kijani. Mita 6. Wakikuambia kijani ndiyo buluu usikubali

Mishi: Wallahi samahani, nilikuwa namwandikia Salma

Beka: Sijawahi kumpenda Mishi kama leo

Ami Twalib: Watoto wa kakangu, tosheni. Hata Swaleh alinipigia mimi usiku ule, na mimi ndiye niliyemwambia azike. Sheria ni kuharakisha maiti. Kama kuna wa kulaumiwa mimi niko Kibokoni, mlango hauna kufuli.

*Jumanne*

Fatma: Nani amelala jana?

Nasra: Bibi alinisikia nikimsomea Babu Twalib kwenye simu. Akataka arekodi. Amezungumza dakika tatu.

*Nasra ametuma ujumbe wa sauti*

Yusuf: Niko kwenye gari la watu siwezi kufungua, yasemaje?

Nasra: Nimeuandika kwa walio kazini. Kikohozi nimekiacha.

Nasra: "Wanangu, mimi magoti haya nimeyazoea. Hata nikisali kwenye kiti, Mungu yuaona. Wala sikuomba kupelekwa Bombay kwa ajili ya magoti. Nilipoambiwa Bombay nilinyamaza, mukadhani nimekubali magoti. Mimi nataka nikasimame alipolala baba yenu, nimsomee Yasini, nimwambie watoto wako hawajambo. Sasa nasikia hata hilo si kweli. Mumesema viza ni ya watu wawili. Basi ni Rukia na Swaleh. Wawili hao. Asipokuja mmoja, siendi, na hizo pesa za magoti mumpe Salma aolewe nazo. Nasra, hiki chazimwa wapi?"

Ami Twalib: Bi mkubwa amesema.

Mishi: 😭😭 Mama jamani. Lakini Salma amesema amin

Beka: Mishi!!

Omari: Kwa kweli huko India makaburi mengi wanawake hawaruhusiwi kuingia ndani, ni vizuri tujue kabla

Ami Twalib: Omari, nenda ukanywe maji.

Swaleh: Makaburi yenyewe, Bada Qabrastan, yako karibu na stesheni ya Marine Lines. N'tauliza kuhusu kuingia. Hata akisimama langoni atakuwa karibu.

Fatma: Wewe wakumbuka ni upande gani?

Swaleh: *Ujumbe huu umefutwa*

Beka: Mjomba umeandika nini, sikuwahi

Rukia: Mimi niliusoma.

Rukia: Asiulizwe mtu.

Fatma: Dada?

Rukia: Nasra, hicho kisimsomewe Bibi. Simu yako isikae chumbani kwake leo.

Nasra: Sawa Mama. Mimi mwenyewe sikukiona.

Ami Twalib: Mimi nilikiona. Mji ule ardhi ni finyu, watu ni mamilioni, na wafu wapya nao wataka pa kulala. Makaburi yetu ya Kikowani ni anasa. Swaleh, hili umelijua tangu lini?

Swaleh: Nilipita tena 2018, nikienda kazini. Rukia, nakuomba unipigie. Si la kuandika hapa.

Rukia: N'tapiga baada ya Isha.

Swaleh: Nambari ni ile ile.

*Jumatano*

Rukia: Assalaam aleikum. Wasindikizaji ni mimi na Swaleh. Swaleh, tuma nakala ya pasi leo. Lazima iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu.

Swaleh: Yangu imebaki miezi minne. N'taomba mpya ubalozini. Sijui itachukua muda gani.

Rukia: Nilijua. Hujapata kuwa na karatasi iliyo tayari hata siku moja.

Swaleh: 🙂 Sawa dada.

Fatma: Kwa hivyo si Julai?

Rukia: Sijasema si Julai.

Ami Twalib: Novemba. Mvua imekwisha, joto limepungua, na pasi itakuwa imetoka.

Rukia: Ami, magoti hayangoji Novemba, jana usiku alishindwa kutoka chooni, Nasra alimwinua. Na barua ya hospitali nayo ina tarehe.

Fatma: Waandikie waibadilishe. Barua si msahafu.

Rukia: N'tawaandikia. Na yale mengine ya kule, mimi na Swaleh tutaona tutamwambiaje Mama, ama tutamwambia huko huko. Hatujakubaliana. Nani amelipa mchango wake?

Beka: Mimi n'tatuma mwisho wa mwezi mama mkubwa wallahi

Yusuf: Nimetuma nusu. Angalia jina, nimetumia laini ya mke wangu.

Rukia: Wengine 11?

Rukia: Naona mwasoma.

Swaleh: Dada, nauli ya Mama niwachie mimi. Nyinyi shikeni hospitali.

Rukia: Tutaongea.

Mwanaidi: Assalaam aleikum jamani, simu yangu ilikuwa kwa fundi tangu Jumamosi, ndiyo kwanza naona. Hongereni kwa mipango. Nimesoma juu juu. Kwani nani anaenda India?