Kabla ya kufunga bide chooni, hasara zake ni zipi hasa?

JiweLaMto (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Sifa za bide (kifaa cha kujisafishia kwa maji chooni) nimeshazisoma za kutosha, kila muuzaji anazo mdomoni. Ninachotafuta hapa ni ule upande ambao haandiki mtu kwenye boksi: nini huharibika kwanza, wapi huvuja, na kama kuna madhara yoyote mwilini.

Hali ilivyo: choo ni cha kukaa, tangi lake liko mgongoni, koki ya nusu inchi inatokea ukutani upande wa kushoto. Maji yanashuka kutoka tangi la juu, na kitako cha tangi hilo kiko kama mita 3 juu ya kiti cha choo. Hakuna soketi ya umeme chooni. Ninachagua kati ya vitu vitatu: shatafu ya mkono (kichwa cha kurushia maji chenye kitufe, mwishoni mwa mpira), kibao cha kufunga chini ya kiti chenye nozeli (kimdomo cha kurushia maji), na kiti cha choo cha umeme kinachorusha maji chenyewe. Beseni la bide la kusimama peke yake nimeliacha, nafasi haitoshi.

MpiraNaSpana

Mkuu, kinachokufa kwanza ni mpira wa shatafu, na mara nyingi kinachouua ni mazoea: watu huachia kitufe cha mkononi wakadhani wamefunga maji. Kitufe si koki. Ukikiachia, maji yanasimama kichwani, lakini mpira wote nyuma yake unabaki na presha usiku na mchana. Lile koti la chuma linalong'aa nje halibebi maji. Kinachobeba maji ni mrija mwembamba wa raba au plastiki ulio ndani, nao huchoka pale unapokunjika kila siku, sentimita chache kutoka kwenye nati. Ukipasuka nyumbani hakuna mtu, piga hesabu mwenyewe: lita 8 kwa dakika ni lita 480 kwa saa. Kwa maji ya tangi la juu, yote yatahamia sakafuni.

Kwa hiyo shatafu lazima iwe na koki yake mwenyewe, ya kufunga robo mzunguko, mahali ambapo mkono unaifikia ukiwa umekaa. Ikiwa nyuma ya choo hakuna atakayeifunga, hata umwambie vipi.

Cha pili ni tii, kile kiungo cha njia tatu kinachogawa maji kati ya tangi la choo na bide. Zile za plastiki zinazokuja bure ndani ya boksi hupasuka shingoni, tena si siku ya kufunga, ni wiki kadhaa baadaye, kwa sababu zilikazwa kupita kiasi. Chukua ya brasi.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Funga koki ya ukutani, flashi, kisha nyonya maji yaliyobaki tangini kwa sponji na uweke beseni chini. Fungua nati ya mpira chini ya tangi huku mkono wa pili ukishika valvu ya kujazia iliyo ndani ya tangi isizunguke. Hapo ndipo wengi huharibu: valvu ikizunguka, gasketi yake (raba ya kuzuia maji) inahama, tangi linaanza kuvuja mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Kaza tii kwa mkono mpaka igome, halafu robo mzunguko tu kwa spana. Piga tepu nyeupe ya mafundi bomba kila penye uzi (mikunjo ya skrubu).

GasketiKavu

Yote sawa mkuu, isipokuwa hilo la tepu kila penye uzi. Hapo sikubaliani, na ndiyo sababu kubwa ya matone yasiyoisha.

Nati yenye washa (pete) ya raba ndani haifungi maji kwa uzi. Inafunga kwa raba kubanwa kwenye uso bapa. Ukijaza tepu kwenye uzi, nati inagoma kabla raba haijafika, unahisi umekaza kumbe bado. Kisha unaongeza nguvu, na ile shingo ya plastiki uliyoitaja inapasuka. Tepu ni ya uzi mtupu unaoingia kwenye uzi mwenzake bila washa, kama koki inayozama ukutani. Hapo weka mizunguko 6 hadi 8, ukifuata upande wa kukazia. Ukiizungusha kinyume, inajikunja na kutoka unapokaza.

Kupima uvujaji usitegemee macho. Futa viungo vyote vikauke, kisha viringisha kipande cha tishu kavu kwenye kila kimoja: koki na ukuta, tii na tangi, tii na mpira, mpira na kichwa. Angalia baada ya dakika 10, baada ya saa moja, na kesho yake. Tishu inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Hasara nyingine ya shatafu ambayo watu huidharau ni matone ya kichwa. Baada ya kila matumizi maji kidogo yaliyobaki kichwani hudondoka pale kinaponing'inia. Kama kibanio cha kuning'inizia kichwa kiko juu ya sakafu, pale chini patakuwa na unyevu daima: groti (saruji ya kati ya vigae) inageuka nyeusi, na bolti zinazoshika choo sakafuni zinaliwa na kutu. Sakafu ya mbao usiiweke shatafu kabisa.

BarSifuri

Mwanzisha mada, umesema mita 3. Hilo limeshakujibu nusu ya swali lako. Kimo cha mita 10 cha maji hutoa presha ya bar 1, kwa hiyo wewe una bar 0.3 tu, na bado hujatoa kinachopotea kwenye kona na vichujio. Viti vya umeme vingi vinataka angalau bar 0.5 hadi 0.7 ndipo vifanye kazi ipasavyo. Chini ya hapo nozeli haichomozi hadi mwisho, au inachomoza lakini haijisafishi, na maji yanatoka kama ya kumwagilia mche. Soma kijitabu kabla hujalipa: kimeandikwa kwa bar au MPa (megapaskali), na MPa 0.1 ni sawa na bar 1. Pampu ya kuongeza presha ipo, ila hapo umeshaongeza mtambo mwingine wa kuharibika, tena wenye kelele.

Umeme nao. Kiti kinachopasha maji papo hapo kinavuta wati 1,000 na zaidi kinapofanya kazi. Si ubabaishaji wa kiwanda: kupandisha nusu lita kwa dakika joto la nyuzi 20 kunahitaji wati 700 hivi kwa fizikia tupu. Vile vyenye kitangi cha ndani huvuta kidogo kwa wakati mmoja, lakini vinapasha mchana kutwa na maji moto yanakuishia katikati ya shughuli. Vyote vinahitaji soketi yenye ethi (waya wa ardhini), mbali na mrusho wa maji, na swichi ya kukata umeme unapovuja ya miliampia 30. Ekstensheni iliyopitishwa chini ya mlango wa choo, tafadhali, hapana. Na umeme ukikatika, vingi havitoi hata maji baridi, kwa sababu valvu yenyewe inafunguliwa kwa umeme.

Wazee na wenye kisukari waliopungukiwa hisia wasikae muda mrefu kwenye kiti kilichopashwa joto. Joto la nyuzi 40 na kitu halionekani kuwa kali, lakini likigusa ngozi ileile kwa muda mrefu linaunguza polepole bila mtu kushtuka.

NgoziLaini

Nijibu la mwilini. Maji yenyewe hayana tatizo. Tatizo ni nguvu, muda na kutokujikausha.

Mrusho mkali ukilenga mahali pamoja kwa dakika nzima huondoa mafuta ya asili ya ngozi ya njia ya haja kubwa. Ngozi inakauka, inawasha, mtu anadhani hajatakata vizuri, anaongeza presha na sabuni. Mduara huo unaanza hivyo. Sekunde 10 hadi 20 za presha ndogo zinatosha, bila sabuni yenye manukato. Mwenye bawasiri au mpasuko aanze na presha ya chini kabisa, na asilenge maji yaingie ndani. Bide si chombo cha kusafishia utumbo.

Kwa wanawake, maji yatoke mbele kwenda nyuma. Vibao vingi vya bei ya chini vina nozeli moja inayorusha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa hiyo ni rahisi uchafu kusogezwa kuelekea njia ya mkojo. Kama kuna wanawake nyumbani, chukua chenye nozeli mbili, ya pili ikiwa na pembe yake ya mbele.

Kukausha bado kunahitaji tishu au kitambaa. Anayesema bide inafuta tishu kabisa anauza kitu. Vipande viwili vitatu vya kubonyeza, si kusugua. Kitambaa kiwe cha mtu mmoja na kifuliwe mara kwa mara. Hewa ya joto ya viti vya umeme huchukua dakika 2 hadi 4, na wengi huinuka wakiwa bado na unyevu, kisha mikunjo ya ngozi inaanza kuwasha.

Nozeli ifutwe kila wiki kwa kitambaa na sabuni laini. Maji yenye chokaa huziba vitundu vyake: funga mfuko mdogo wa siki nyeupe kwenye nozeli kwa dakika 30, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Usitumie dawa ya klorini kali, plastiki inakakamaa na raba zinakufa. Usichanganye klorini na siki pia, hutoa gesi ya sumu.

ValvuNjiaMoja

Hakuna aliyegusa jambo ambalo mimi ningeliweka la kwanza: maji ya chooni kurudi kwenye bomba la nyumba.

Chukua mpira wa shatafu wenye urefu wa mita 1.2. Kichwa kimedondoka ndani ya bakuli la choo na kitufe kimekwama wazi, au mtu ameshikilia kitufe. Wakati huohuo tangi la juu limeisha, na mtu chini anafungua bomba la jikoni. Bomba linanyonya, na linanyonya kutoka kwenye bakuli.

Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 1999, maji ya bakuli la choo yako kundi la 5, la hatari kubwa kuliko yote matano. Valvu mbili za njia moja (zinazoruhusu maji kwenda mbele tu) zilizounganishwa hukubalika hadi kundi la 3 tu. Sababu ni rahisi: chembe moja ya mchanga ikikaa pale valvu inapofungia, valvu haifungi tena, na hutajua.

Kwa hiyo: fupisha mpira au pandisha kibanio mpaka kichwa, hata kikidondoka, kisifike ukingo wa bakuli. Weka valvu ya njia moja, ila usiifanye ngao pekee. Na kwa kuwa una tangi la juu, bomba la choo litoke tangini peke yake, lisitumike kulisha jikoni.

Kibao cha chini ya kiti kina hatari ndogo kidogo hapa kwa sababu nozeli iko juu ya maji, lakini bado iko chini ya ukingo. Choo kikiziba na kujaa, inazama. Ukiona maji yanapanda, funga koki ya kibao kwanza, ndipo utafute pampu ya kuzibulia.

JiweLaMto

Asanteni sana wakuu. Kwa bar 0.3 kiti cha umeme kimejitoa chenyewe. Nabaki na kibao chenye nozeli mbili. Kuna vinavyochukua maji moto kutoka chini ya sinki, vina faida? Na nasikia kibao kinafanya kiti kiyumbe.

BarSifuri

Ya maji moto iache. Bomba la milimita 15 linabeba karibu lita 0.15 kwa kila mita. Kama hita iko mita 10 kutoka chooni, kuna lita 1.5 za maji yaliyopoa njiani. Kibao kwa presha yako kitatoa lita moja kwa dakika au pungufu, kwa hiyo utakuwa umeshamaliza kabla ya joto kufika. Na kama hita imewekwa nyuzi 60, yakifika yatakuunguza kwa sekunde chache. Juu ya hayo, kichanganyio kikiachwa wazi huku mbele kumefungwa, maji moto hupenya upande wa baridi, na mtu anashangaa kwa nini tangi la choo lina uvuguvugu.

GasketiKavu

Kuyumba ni kweli. Kibao kina unene wa milimita 5 hadi 10 na kinakaa nyuma tu, kwenye bolti. Kiti kinainuka nyuma, vile virungu vya raba vya chini ya kiti vilivyo karibu na nyuma vinabaki hewani, na kila anayekaa anakunja bawaba mpaka zipasuke. Funga kibao, shusha kiti, kisha pima pengo kati ya kirungu na bakuli kwa kupachika kadibodi zilizopangwa mpaka zikae kwa kubana. Unene huo ndio wa virungu vya kuongeza. Bandika vinne, viwili kila upande, juu ya plastiki iliyofutwa kwa spiriti.

Kabla ya kununua, pima umbali kati ya matundu ya bolti, katikati hadi katikati. Mengi ni sentimita 14 hadi 15.5, na kibao kizuri kina diski za kurekebisha. Angalia pia mzingo wa bakuli kwa nyuma: likiinuka ghafla nyuma ya kiti, kibao hakilali bapa hata ufanyeje. Na bolti za kiti ziwe ndefu kwa milimita 10 kuliko za sasa, maana za zamani zitashika nyuzi mbili tatu tu za nati.