Iyafoni za bei chee za kwenye daladala, upande mmoja umefifia: ninunue mpya au nizichokonoe?

Mleta uzi:
Habari za jioni wakuu. Mi ni mtu wa Gongo la Mboto, mishe zangu ziko Kariakoo, kwa hiyo kwenda na kurudi na foleni zake ni kama masaa matatu kila siku na burudani yangu ni nyimbo za dansi za bendi za Sikinde na Msondo nilizojaza kwenye memori kadi. Sasa iyafoni zangu nilizochukua kwa machinga mwaka jana kwa 8,000 zilikuwa freshi tu, ila mwezi huu upande wa kushoto umefifia na besi imekata, gitaa la besi silisikii nasikia matarumbeta tu yananipigia kelele. Nina 30,000. Nitafute mpya (ipi?) au nimsikilize jamaa wa kazini anayesema niweke gundi kwenye vile vitundu vya pembeni eti besi inarudi? Nishaurini kabla sijaharibu.

Kijana wa Leo:
Mkuu bado upo kwenye waya? Chukua za blutuu hapo mtaani uachane na stresi.

Mleta uzi:
Simu yenyewe chaji haifiki jioni, halafu niongeze kitu kingine cha kuchaji? Hapana kwa kweli.

Fundi Waya:
Gundi usithubutu!! Nishaletewa mezani kibao za hivyo, gundi ikishazama ndani ile ngozi nyembamba ya spika inaganda, hapo ni jalalani. Anza hivi: vaa kinyume, ya kushoto iende sikio la kulia. Kufifia kukihama nayo basi tatizo ni iyafoni au setingi za simu, kukibaki sikio lilelile nenda kaoshwe sikio. Halafu ingia setingi za simu sehemu ya ufikivu, kuna kale kamstari ka mizani ya sauti kushoto na kulia, watu wanakagusa bila kujua wanaishia kununua iyafoni mpya bure. Kisha toa kile kipira kinachoingia sikioni, mulika tochi kwenye mdomo wake utaona kawavu, mara nyingi kameziba nta ya masikio. Geuza mdomo uangalie chini, sugua polepole na mswaki laini MKAVU ili uchafu udondoke usirudi ndani. Sindano weka mbali.

Na besi: ukiwa umevaa bonyeza kidogo kwa kidole. Besi ikija ukibonyeza na kukimbia ukiachia, spika ni nzima, kipira ndo hakizibi na hewa inavuja. Masikio ya mtu hayalingani, mi kulia navaa cha kati, kushoto kikubwa.

Mzee wa Rumba:
Jamaa wa kazini ana nusu ya ukweli. Kitundu kinachotazama sikio, kile karibu na shingo pale kipira kinapovalia, ukikiziba besi inapanda. Cha mgongoni ukikiziba mara nyingi inapungua. Ila tumia plasta ya karatasi ya duka la dawa, kipande kama punje ya mchele, ikikuudhi unabandua. Zangu niliziba cha ndani chote nikajuta, besi ikammeza muimbaji na nikizivaa masikio yananiminya kama nipo kwenye ndege, nikaja kuziba nusu ndo zikatulia.

Kama ni kununua tafuta yenye waya unaochomoka maana kinachokufa kwanza ni waya, pale kwenye jeki. KZ EDX Pro inayo hiyo, spika moja ya milimita 10 na besi yake si ya kitoto, ila trebo (sauti kali nyembamba) nayo iko juu, tarumbeta zitakuchoma kidogo ushushe kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupanga besi na trebo. Moondrop Chu ya kwanza inaimba vizuri lakini waya umeganda, wa kuchomoka umekuja kwenye Chu II. Bei ulizia zaidi ya duka moja.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, masaa matatu mara siku sita ni 18 kwa wiki. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) usizidishe masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni masaa 4 tu. Kipira kikiziba vizuri hutapandisha sauti kushindana na konda. Ukishuka kuvuka barabara toa moja.

Mleta uzi:
Mrejesho wakuu. Nimevaa kinyume, kufifia kumehama nayo. Nimemulika, kawavu kamefunikwa na kitu cha njano siwezi hata kukielezea. Nimesugua na mswaki kama dakika kumi, kushoto kumerudi! Besi bado ilikuwa nusu, nikibonyeza inakuja nikiachia inaondoka, vilevile kama Fundi alivyosema. Vipira vikubwa ntapata wapi peke yake?

Fundi Waya:
Tafuta iyafoni zilizokufa humo ndani uhamishe vya kwake, shingo nyingi zinaingiliana. Vioshe kwanza na sabuni, vikauke.

Mleta uzi:
Nimetoa vya iyafoni ya shemeji yenu iliyokuwa droo, kikubwa kushoto, cha kati kulia. Leo nimelisikia gitaa la besi kuanzia Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, nikapitiliza kituo. 30,000 bado iko mfukoni. Ila sasa shemeji yenu anasema ile iyafoni haikuwa imekufa.